Mkeka Huchanika, Daftari Hubaki

Kuna karatasi moja ya Japani ambayo kila nikiiona naikumbuka mikeka ya vijana wa hapa Makandana, ingawa karatasi hizo mbili hazifanani hata kidogo. Msomaji, nivumilie kwanza tukae Japani kidogo, halafu tutarudi Tukuyu kwenye mvua na ukungu wetu, maana hoja yangu iko huku.

Karatasi hiyo huitwa banzuke. Ni orodha ya ngazi za wapiganaji wa sumo, ule mchezo wa miereka wa wanaume wenye miili mikubwa wanaosukumana ndani ya duara la udongo. Hutolewa kabla ya kila shindano kubwa, na mashindano hayo yako sita kwa mwaka tangu 1958: matatu Tokyo, na mengine Osaka, Nagoya na Fukuoka. Juu kabisa wanaandikwa mabingwa wakuu, yokozuna, kwa herufi nene. Kadiri ngazi inavyoshuka ndivyo herufi zinavyokonda, mpaka ukifika chini kabisa kwa vijana walioanza juzi, majina yamekuwa membamba kama nywele. Anayeandika ni mwamuzi wa sumo, kwa brashi na wino, kisha kazi yake inapunguzwa na kuchapwa. Mtindo wa kuweka majina yote kwenye karatasi moja ya wima ulianza mwaka 1757 katika mji wa Edo, ambao leo tunauita Tokyo. Watu wa mji huo waliupenda kiasi kwamba wakaanza kuutumia kupanga kila kitu: chemchemi za maji moto, vyakula, mahoteli. Wakitaka kubishana kuhusu kipi ni bora, wanachora banzuke.

Ngazi hizo si heshima tu, ni ugali. Sumo ina madaraja sita, na wanaolipwa mshahara ni wa madaraja mawili ya juu peke yake. Wa chini wanapata chakula, mahali pa kulala na posho kidogo. Shindano ni siku 15, na wakubwa hupigana mara moja kila siku. Ukishinda mara 8 au zaidi, kwa kawaida unapanda. Ukipigwa mara 8, unashuka. Yokozuna peke yake hashushwi. Akivurunda anatarajiwa astaafu mwenyewe. (Hapo baadhi ya viongozi wa vilabu vyetu wangesoma mara mbili.)

Mimi nilianza kufuatilia sumo kwa sababu ya Mmisri. Abdelrahman Shaalan, kwa jina la ulingoni Osunaarashi, yaani dhoruba kuu ya mchanga, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuingia sumo ya kulipwa. Alianza mwaka 2012, akafika daraja la juu kabisa Novemba 2013, na Julai 2014 huko Nagoya akawaangusha yokozuna wawili kwa siku mbili mfululizo. Nilikuwa natafuta habari zake usiku, baada ya kazi, ndipo nikakutana na kitu kingine kilichonishika zaidi yake.

Nilikutana na watu wa nchi mbalimbali wanaobashiri sumo mtandaoni, bila hata senti moja. Kabla ya siku kuanza unachagua nani atamshinda nani. Kuna mchezo mwingine wa kubashiri banzuke yenyewe: shindano likiisha, unapanga mwenyewe orodha ijayo, halafu unasubiri ile rasmi itoke upate pointi kwa kila jina uliloliweka mahali pake. Jambo la kuchekesha ni kwamba wabashiri wenyewe nao wana banzuke yao. Mtu anajipa jina la kisumo, anaanzia chini kabisa, na akibashiri vizuri anapanda, akikosea anashuka, kwa kanuni zilezile za wapiganaji. Kuna majedwali ya miaka na miaka yanayoonyesha fulani alikuwa ngazi gani, alipatia ngapi, alikosea ngapi. Mtu anakaa mwaka mzima akihangaika kupanda ngazi mbili, na hakuna atakachonunua kwa ngazi hizo.

Niliyatazama majedwali hayo kwa muda mrefu kuliko ninavyopaswa kusema hadharani. Nilichokiona ni kwamba pale ubashiri wa mtu haufutiki. Huwezi kusema mwezi ujao kwamba ulijua. Uliandika, ikahifadhiwa, na kila mtu anaona. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini methali hiyo huwa tunaiachia biashara ya duka. Hawa jamaa wameipeleka kwenye maneno ya mdomo.

Na daftari lina nguvu ambayo wenyewe waliolianzisha hawakuitegemea. Kwa sababu matokeo ya sumo yanaandikwa yote, mwaka 2002 wachumi wawili wa Marekani, Mark Duggan na Steven Levitt, walichapisha uchunguzi wa mapambano takriban 32,000 ya kati ya 1989 na 2000. Walimtazama mpiganaji anayefika siku ya mwisho akiwa ameshinda 7 na kupigwa 7, akikutana na mwenzake ambaye tayari ana 8 na 6. Wa kwanza anauhitaji sana ule ushindi wa nane. Wa pili keshaupata. Kwa rekodi zao za nyuma, huyo mwenye 7 alitegemewa kushinda karibu mara 49 katika 100. Akawa anashinda karibu mara 80. Halafu wawili haohao wakikutana tena siku ambayo hakuna wa kuponea chupuchupu, yule yule anashinda karibu mara 40 tu. Kama deni linalipwa vile.

Wakubwa wa sumo walikuwa wakikana habari za kupanga matokeo. Mwaka 2010 polisi wa Japani walichukua simu za wapiganaji katika kesi nyingine kabisa, ya kubeti mechi za besiboli kinyume cha sheria. Ndani ya simu hizo zikakutwa jumbe za kupangana nani aanguke na aanguke vipi. Habari ikatoka Februari 2011, na shindano la Machi la Osaka likafutwa. Yaani safu za namba zilikuwa zimeshasema miaka tisa kabla ya simu kusema.

Sasa tuhamie kwenye ubashiri wa upande wa pili, ule wa hela, maana ndio uliotufikia sisi.

Kubeti mpira kwa karatasi kuna mzee wake. Mwaka 1923 John Moores na wenzake wawili, wafanyakazi wa kampuni ya simu za maandishi jijini Liverpool, walichapisha kuponi za kubashiri matokeo ya Jumamosi. Walizigawa 4,000 nje ya uwanja wa Manchester United. Zikarudi 35. Wenzake wakakata tamaa, yeye akaendelea, na kampuni yao, Littlewoods, ikaja kumfanya tajiri wa kutupwa. Mtindo uliopendwa zaidi ulikuja 1946: kutafuta mechi 8 zitakazokwisha kwa sare. Baba wa familia ya Kiingereza alikuwa anajaza kuponi jikoni, anaipeleka posta, na Jumamosi jioni familia nzima inakaa kimya matokeo yakisomwa redioni.

Waingereza waliipenda karatasi ile mpaka ikawazidi akili. Januari 1963 barafu ilifunika viwanja na mechi zikawa zinaahirishwa wiki baada ya wiki. Kampuni za kuponi zikaona zitafilisika. Wakakusanya wazee wa mpira, wakawafungia chumbani, wakawaomba waseme mechi ambazo hazikuchezwa zingeishaje kama zingechezwa. Wakisema sare, basi ni sare, na watu wanalipwa. Nikiwa mpenzi wa hadithi, habari hii huwa inanifurahisha sana. Ni ubashiri uliopandishwa cheo ukawa matokeo.

Upande wa huzuni nao upo. Mwaka 1961 Keith na Viv Nicholson, mume na mke wa familia ya mgodini, walishinda pauni 152,319. Yule mama aliwaambia waandishi kwamba atazitumia tu, na alitimiza ahadi. Baadaye mume akafa kwa ajali ya gari na mama akafilisika. Taifa zima linamkumbuka yeye mpaka leo. Mamilioni waliokuwa wakituma kuponi kila wiki bila kupata kitu hawana jina.

Tanzania nayo ilikuwa na sheria ya mambo haya mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tulikuwa na sheria ya ubashiri wa matokeo na bahati nasibu ya mwaka 1967, ikafuatiwa na ya Bahati Nasibu ya Taifa ya 1974. Zote mbili zilifutwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyoleta Bodi ya Michezo ya Kubahatisha tuliyonayo. Lakini sheria peke yake haikumfanya kijana wa Makandana awe mbashiri. Kilichofanya hivyo ni simu. Aprili 2008 Vodacom walileta M-Pesa nchini, na taratibu mtu akaweza kutuma hela akiwa shambani kwenye migomba. Mwaka 2017 SportPesa, iliyokuwa imeshaota mizizi Kenya tangu 2014, ikaingia Tanzania kwa kishindo: ikawadhamini Simba na Yanga kwa pamoja, na Julai mwaka huo ikawaleta Everton, na Wayne Rooney ndani yake, wakacheza na Gor Mahia pale Uwanja wa Taifa. Kampuni nyingine zilikuwepo, nyingine zikafuata. Kuponi ya jikoni kwa Mwingereza ikawa mkeka wa mfukoni kwetu.

Neno lenyewe ni zuri, lazima tukubali. Mkeka husukwa, ukindu kwa ukindu, na mkeka wa kubeti nao unasukwa, mechi kwa mechi. Ukipatia, umetiki. Ukikosea, umechanika. Hakuna kamati ya lugha iliyokaa kuyatunga haya. Vijana wenyewe wameyasuka vibarazani.

Makandana ni kata ya Tukuyu mjini, ilipo hospitali ya wilaya. Ukitembea jioni kutoka huko kuelekea stendi, mvua ikiwa imepumzika, utasikia mazungumzo ya namna moja kila unapopita: kwa bodaboda wanaosubiri abiria, kwa kinyozi, kwa muuza chipsi. "Kaka, mimi nilikuwa nimeshapiga hela. Timu moja tu imenichania." Sentensi hii nimeisikia mara nyingi mpaka naiona kama aina ya fasihi simulizi. Ina fomula yake. Mechi zote zimetiki isipokuwa moja. Hiyo moja imechanika dakika za mwisho. Msimulizi hakukosea; timu ndiyo iliyokosea. Na kesho yake anasuka mwingine.

Hebu tufanye hesabu ambayo haipo kwenye hadithi hiyo. Chukua mechi moja ambayo kampuni imempa mwenyeji namba ya kuzidishia dau ya 1.80, sare 3.40, mgeni 4.20. Gawanya moja kwa kila namba uone kampuni inakupa nafasi kiasi gani: asilimia 55.6, 29.4 na 23.8. Jumlisha. Unapata karibu 108.8. Nafasi za mechi moja haziwezi kuzidi 100, sasa hiyo 8.8 imetoka wapi? Hiyo ndiyo nauli ya kampuni. Kwa mechi moja ya namna hiyo, katika kila shilingi 100 utakayoweka, kwa wastani zitarudi 92. Si mbaya sana, ni kama kiingilio.

Lakini hakuna anayesuka mkeka wa mechi moja. Ukisuka mechi 10 za namna hiyo, nauli inakatwa mara kumi, moja juu ya nyingine, na kile kinachotegemewa kurudi katika kila shilingi 100 kinakuwa kama 43. Na usisahau ugumu wenyewe: hata kama kila timu uliyochagua ina nafasi ya asilimia 70 ya kushinda, na hiyo ni timu nzuri kwelikweli, nafasi ya zote 10 kushinda siku moja haifiki 3 katika 100. Kwa hiyo "timu moja imenichania" si mkosi. Ndivyo mikeka ilivyo. Na jakipoti ya mechi 13, kila moja ikiwa na majibu matatu, ina njia 1,594,323 za kwisha. Unanunua moja.

Buku moja kwa siku ni shilingi 365,000 kwa mwaka. Kwa wengi wa hapa hiyo ni mbolea ya shamba, au ada, au bati za nyumba ambayo imekaa bila kuezekwa misimu miwili. Nimewauliza watu wengi wanaobeti wametumia kiasi gani tangu mwaka uanze. Kila mmoja alinitajia mara moja, bila kufikiri, hela kubwa kuliko zote aliyowahi kushinda, na mwaka, na timu iliyomalizia. Hela aliyotoa hakuna aliyenitajia.

Mtu atasema rekodi si zipo, ziko kwenye simu? Ni kweli, akaunti ya kubeti inaonyesha mikeka ya nyuma, na miamala ya simu inabaki. Kampuni inajua kila shilingi uliyoweka, siku gani, saa ngapi, baada ya kupigwa mara ngapi. Daftari lipo, ila liko kwa mwenye duka. Wa upande huu wa kaunta ana kumbukumbu tu, na kumbukumbu ni mpambe.

Ushahidi wa hilo uko hapahapa Tukuyu, na ni mtamu zaidi ya mikeka yote.

Mwaka 1986 Tukuyu Stars, Banyambala wetu, yaani wanaume wenyewe kwa Kinyakyusa, walikuwa mabingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Wadogo zangu wanaosoma hapa wanaweza kudhani natunga. Ligi ilikuwa imeanza 1965, bingwa wa kwanza akiwa Sunderland, ambayo ndiyo Simba ya leo, na kwa miaka yote ile kombe lilikuwa likizunguka Dar es Salaam. Mseto ya Morogoro peke yake ndiyo iliyolitoa nje ya jiji, mwaka 1975. Halafu ikaja timu ya mji mdogo wa milimani, mji wa ndizi na chai, ikawaacha Simba na Yanga wakitazama.

Nimezungumza na wazee kadhaa wa Makandana na maeneo ya jirani kuhusu mwaka ule. Shikamoo zikishapita na ndizi zikishaletwa, kila mmoja ana mchezaji wake aliyemwona kabla ya watu wote, na mechi moja ambayo ndiyo iliyomhakikishia. "Mwanangu, sisi tulijua tangu mwanzo," mzee mmoja aliniambia, na wenzake wawili wakatikisa vichwa kukubali. Nilipenda sana kumsikiliza. Lakini mimi ni mwandishi wa habari, na swali langu ni lilelile la sumo: nani aliandika? Kama mji mzima ulijua, mbona kombe lenyewe linasimuliwa kama muujiza?

Linganisha na Leicester City. Kabla ya msimu wa 2015/16 kampuni za Uingereza zilikuwa zinatoa 5,000 kwa 1 kwa atakayesema Leicester watakuwa mabingwa wa Ligi Kuu. Wakawa mabingwa. Leo mtu yeyote duniani akitaka kujua jambo lile lilikuwa gumu kiasi gani, kuna namba, iliandikwa mwezi Agosti kabla mpira haujapigwa, na haibadiliki kwa kuwa mtu amezeeka na kulainika. Mshabiki wa Leicester hawezi kusimama leo akasema sote tulijua. Karatasi itamuumbua. Na kwa kuumbuliwa hivyo, ushindi wao unabaki mkubwa uleule.

Tukuyu Stars hawana namba ya namna hiyo. Kila "tulijua" ya mzee, hata ikitoka kwenye mapenzi, inapunguza kidogo yale waliyofanya wale vijana. Inawafanya wawe wamefanya jambo lililotegemewa. Mimi naamini hawakutegemewa na mtu, na hapo ndipo utukufu wao ulipo. Miaka inakwenda, wanaokumbuka wanapungua, na kinachobaki ni mstari mmoja kwenye orodha ya mabingwa: 1986, Tukuyu Stars. Angalau mstari huo upo. Kuna mtu, ofisini mahali fulani, alifanya kazi yake akauandika.

Tabia hii si ya mpira tu. Nchi hii ilikuwa na Sheikh Yahya Hussein, mnajimu aliyejulikana Afrika Mashariki nzima mpaka alipofariki mwaka 2011, na utabiri wake ulikuwa ukichapwa magazetini. Watu waliusoma, wakaujadili, wakacheka au wakaogopa. Kilichotia kitu kimoja kilikumbukwa milele. Je, Desemba ilipofika nani alifungua gazeti la Januari akaweka vema na kosa? Wachambuzi wa redio wa siku hizi wanaishi kwa neema hiyohiyo. Ijumaa wanabashiri, Jumatatu wanaeleza kwa nini ilikuwa lazima iwe ilivyokuwa.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ni kuwakataza vijana kubashiri. Binadamu anayeangalia mchezo bila kubashiri anaangalia nusu ya mchezo. Hata msomaji wa riwaya anabashiri; akifika ukurasa wa hamsini keshajua nani atamsaliti nani, na anaendelea kusoma ili aone kama mwandishi atamshinda. Raha iko pale. Kinachotudhuru ni kubashiri bila kujiwekea hesabu, kwa sababu mtu wa namna hiyo hawezi kujifunza lolote kuhusu yeye mwenyewe.

Michezo ya bure inayohifadhi hesabu imeshafika huku. Ule wa kupanga timu ya Ligi Kuu ya Uingereza, fantasi kama wanavyouita, ulianza 2002 na sasa unachezwa na mamilioni ya watu. Unapewa milioni 100 za kufikirika, unanunua wachezaji 15, na kwa wiki 38 unapata pointi kwa wanayoyafanya uwanjani. Mwalimu wa hapa Tukuyu anaweza kufungua simu akajua yeye ni wa ngapi duniani, na kama ni wa milioni tatu, basi ni wa milioni tatu. Hakuna wa kumlaumu. Namwona akipanga kikosi Ijumaa kwa umakini kama anasahihisha mitihani.

Pale Makandana kuna kinyozi ambaye kibanda chake kina wateja wa kukaa kuliko wa kunyoa. Niliwasimulia habari za banzuke siku moja tukisubiri mvua ipungue, na wiki iliyofuata nikakuta wamenunua kaunta buku. Wako saba. Kila Ijumaa kabla ya saa tatu usiku kila mmoja anaandika matokeo ya mechi tano, za ligi yetu na za nje, kwa kalamu ya wino, siyo penseli. Matokeo kamili ni pointi tatu, mshindi tu ni pointi moja. Mwisho wa mwezi kinyozi anaandika msimamo kwenye karatasi na kuubandika ukutani karibu na kioo, jina la kwanza kwa herufi kubwa za maka peni, la pili dogo kidogo, hivyo hivyo mpaka wa saba, ambaye jina lake linaandikwa dogo kiasi kwamba inabidi usogee na simu uwashe tochi. Kanuni ni moja: huruhusiwi kusema "nilijua" kama haimo daftarini. Ukisema, unawanunulia wenzako chai.

Wiki za kwanza chai ilinywewa nyingi. Kilichowashangaza ni kwamba yule anayeongea zaidi, anayezijua timu za madaraja ya chini ya Ulaya kwa majina ya makocha, alikaa nafasi ya sita miezi miwili. Anayeongoza ni kijana mkimya wa kubeba mizigo ya ndizi ambaye mara nyingi anaandika sare. Hawakuwa wakimsikiliza zamani. Sasa Ijumaa wanachungulia ameandika nini.

Mmoja wa wale saba ni dereva wa bodaboda, na ni mtu wa mikeka tangu siku nyingi. Bado anabeti, sitaki kumdanganya msomaji kwamba daftari limemwokoa. Lakini jioni moja aliazima kalamu, akafungua simu yake, akaanza kupitia jumbe za miamala moja baada ya nyingine, hela iliyotoka kwenda kubeti na hela iliyorudi. Alianza na mwezi ule, akarudi nyuma mpaka Januari. Ilimchukua muda wa kunyolewa watu wawili. Tulimwachia nafasi. Alipomaliza hakututajia jumla, na hakuna aliyemuuliza. Alikunja ile karatasi mara nne akaiweka kwenye pochi, nyuma ya leseni yake.

Tangu hapo anaandika. Ukifungua kaunta buku kwa mbele utakuta ubashiri wa watu saba. Ukiigeuza ukaifungulia kwa nyuma, kuna ukurasa wenye mistari miwili aliyoichora kwa rula: upande mmoja "nimetoa", upande wa pili "nimepata". Mara ya mwisho nilipopita, upande wa kwanza ulikuwa umeshavuka kwenda ukurasa wa pili.